Kiua, Kizuizi, Kinga: Dawa ya Mwanamke Itafutiwe Jina

Familia ya maneno yanayoanza na kiua- imestawi sana katika Kiswahili cha miaka ya karibuni. Ingia duka la pembejeo utayakuta karibu yote rafuni: kiuawadudu, kiuagugu, kiuakuvu, na lile linaloyakusanya yote, kiuatilifu. Vuka barabara uingie duka la dawa, utamkuta ndugu yao kiuavijasumu, aliyepewa kazi ya kumwondoa antibiotiki na ambaye mpaka leo wateja wengi humpita bila kumsalimu. Si vigumu kuona kwa nini wanaistilahi wanaupenda muundo huu. Unachukua kitenzi, unaweka yambwa yake nyuma, unatanguliza ki- ya chombo, na neno linajieleza lenyewe kwa mtu ambaye hajawahi kulisikia.

Kwa hiyo mwambie mtafsiri kwamba kuna dawa, iwe jeli, iwe krimu, iwe pete, ambayo mwanamke huiweka ukeni ili asiambukizwe virusi vya Ukimwi, na kwamba Wazungu huiita kwa neno lenye maana ya muuaji wa vijidudu. Ataandika kiuavijidudu kabla chai yake haijapoa. Neno ni halali kisarufi. Hata hivyo ni neno baya kwa dawa hii, na ubaya wake huonekana vizuri ukiifuata historia ya dawa yenyewe.

Njia nyingine ni kukopa: mikrobisaidi. Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa, ila kila mgeni hupangiwa ngeli. Kipilefti kiliingia, kikazaa vipilefti, na barabara zikaendelea kupitika. Mikrobisaidi inaanza na mi-, na sikio la Mswahili litautafuta umoja wake: mkrobisaidi mmoja, mikrobisaidi miwili? Tunaweza kucheka, lakini mhudumu wa afya anayelitamka mbele ya kina mama waliokaa kwenye mabenchi ya zahanati ana kazi mbili. Kwanza alieleze neno, kisha ndipo aieleze dawa, na muda wake unatosha moja tu.

Turudi kwenye chanzo. Mwaka 1990 Zena Stein, mtaalamu wa epidemiolojia mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi New York, aliandika katika jarida la afya ya jamii la Marekani kwamba kinga dhidi ya VVU inahitaji njia ambazo mwanamke mwenyewe anaweza kuzitumia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kuijibu. Kondomu huvaliwa na mwanamume. Kuacha ngono au kuwa na mwenzi mmoja mwaminifu hakutegemei uamuzi wa mtu mmoja. Mwanamke asiye na sauti nyumbani, au anayepata riziki yake kwa mwanamume huyohuyo, amebakiwa na nini? Stein hakuanza na kemikali. Alianza na swali la nani ameshika uamuzi. Istilahi yoyote inayostahili dawa hii ingepaswa kubeba walau kivuli cha swali hilo. Kiuavijidudu hakina hata chembe yake: ndani yake kuna muuaji na muuawa, mwanamke hayumo.

Kizazi cha kwanza cha dawa hizi kilistahili kabisa jina la kiua-. Nonoksinoli-9 ilikuwa imetumika kwa miaka mingi kuua mbegu za kiume. Ni kemikali ya jamii ya sabuni, hupasua utando wa nje wa seli, na maabara zilionyesha kuwa huvipasua na virusi vya Ukimwi. Hapo matumaini yakapanda. Nairobi, utafiti wa sponji zilizotiwa dawa hiyo, uliochapishwa mwaka 1992, haukuona kinga yoyote kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na waliotumia sponji hizo walipata vidonda zaidi. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa jeli katika Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo yake yalitangazwa Durban mwaka 2000, na ukumbi ukapoa. Waliotumia jeli yenye nonoksinoli-9 waliambukizwa zaidi kuliko wenzao, hasa wale walioitumia mara nyingi kwa siku. Dawa iliua kweli. Ila haikuchagua: iliuchubua ukuta wa uke wenyewe na kuvifungulia virusi njia. Dawa iliyoistahili zaidi lugha ya kiua- ndiyo iliyowadhuru waliotarajiwa kulindwa nayo.

Kizazi cha pili kiliacha kuua kikageukia kuzuia. Wazo lilikuwa kuviwekea virusi kitu cha kunata kabla havijaigusa seli. Hapo ndipo pwani yetu inaingia katika hadithi, ingawa kwa mlango wa pembeni. Jeli ya Carraguard, iliyotengenezwa na shirika la Population Council, ilitokana na karajinani, ute unaokamuliwa kutoka katika mwani mwekundu. Karajinani hutolewa pia katika mwani ambao wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar, huufunga kwenye kamba na vigingi wakati maji yamekupwa, kisha huuanika na kuuza kwa kilo ili usafirishwe kwenda viwandani. Nani angedhani kwamba mkulima wa mwani na mtafiti wa Ukimwi wanashika malighafi za ukoo mmoja? Carraguard ilijaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 6,000. Matokeo ya mwaka 2008 yalisema kwamba haidhuru, na kwamba haikingi. Jeli nyingine, ya selulosi salfeti, ilikuwa imesimamishwa ghafla Januari 2007 kwa hofu kwamba inaongeza maambukizi badala ya kuyapunguza.

Ya tatu katika kundi hili iliitwa PRO 2000, na hii ilifika Tanzania. Utafiti uliojulikana kama MDP 301 uliandikisha wanawake 9,385 katika Afrika Kusini, Zambia, Uganda na Tanzania. Kituo cha Tanzania kilikuwa Mwanza. Walioshiriki hapo walikuwa wahudumu wa baa na nyumba za wageni, mama lishe, wauzaji wa pombe za kienyeji: wanawake ambao riziki na ngono vimekaa meza moja, na ambao hakuna kipeperushi cha hospitali kilichowahi kuandikwa kwa lugha yao ya kila siku. Kwa mpenda maneno, Mwanza ndipo mahali pa kusimama kwa muda mrefu, kwa kuwa hapo tafsiri haikuwa pambo. Mwanamke asiyeelewa neno hawezi kutoa ridhaa, na saini ya asiyeelewa ni wino tu.

Chukua neno jaribio. Kwa mtafiti ni kipimo cha haki kati ya makundi mawili. Kwa mama wa kawaida, kujaribiwa ni jambo la kuogopwa; majaribu huombewa yaepushwe, na kufanyiwa majaribio ni kufanywa panya. Utafiti ni neno pole zaidi, na ndilo linalofaa kutangulia. Jaribio lije baadaye, likiwa limefungwa ndani ya maelezo.

Gumu zaidi ni jeli ile ya pili, isiyo na dawa, wanayopewa sehemu ya washiriki ili kulinganisha. Neno linalojipendekeza upesi ni dawa bandia. Liepukwe kama ukoma. Dawa bandia ni ile inayokamatwa madukani na maofisa wa serikali, iliyotengenezwa na tapeli. Mwambie mwanamke kwamba huenda akapewa dawa bandia, naye ataelewa sawasawa maneno uliyosema, si maneno uliyokusudia. Jeli isiyo na dawa ni maelezo ya maneno manne, si istilahi, na hayapendezi kwenye jedwali la ripoti. Lakini ni kweli tupu. Mahali pengine istilahi bora ni kuikataa istilahi.

Halafu kuna tasfida. Vipeperushi vyetu hupenda kusema tendo la ndoa, na nia ni njema, maana kujamiiana husikika kama darasa la biolojia na ngono husikika kama tusi. Lakini mhudumu wa baa asiye na ndoa anayeambiwa apake jeli kabla ya tendo la ndoa ana haki ya kuuliza kama maelekezo hayo yanamhusu. Kabla hujalala na mwanamume ni Kiswahili safi, hakimvunjii mtu heshima, wala hakimwachi nje yeyote.

Matokeo ya MDP 301 yalitoka Desemba 2009. Waliotumia jeli ya PRO 2000 walioambukizwa walikuwa 130. Waliotumia jeli isiyo na dawa, 123. Yaani hakuna tofauti. Kizuizi hakikuzuia.

Kizazi cha tatu kilibadili mbinu kabisa. Badala ya kutafuta kitu cha kuua au cha kunata, watafiti walichukua dawa zilezile wanazomeza wanaoishi na VVU na kuzitia katika jeli. Tenofoviri haiui kirusi. Hukizuia kujinakili ndani ya seli, hata kama kimeingia. (Kirusi, kwa njia, ni neno ambalo waandishi wengi hulikwepa kwa kuwa linagongana na lugha ya Moscow, ndiyo maana virusi vyetu hubaki wingi hata kikiwa kimoja.) Kiswahili cha Tanzania kilikuwa tayari na kitenzi kizuri mno kwa kazi hii: kufubaza. Kitu hufubaa kikipoteza makali au mng'ao wake. Dawa za kufubaza VVU ni miongoni mwa istilahi bora zilizotolewa na janga hili, kwa sababu haziongopi: hazisemi zinaua wala zinaponya, zinasema adui amepunguzwa makali.

Lakini hapa istilahi nzuri inageuka mtego. Kufubaza ni neno la aliyekwisha kuambukizwa. Mwanamke mzima anayekutwa na mkebe wa dawa za kufubaza atahesabiwa anaishi na VVU, na jirani hatasubiri maelezo. Katika tafiti za baadaye wanawake wengi walisema hofu hiyo iliwafanya waifiche au waiache dawa. Tulikwisha kujifunza kwa gharama kubwa uzito wa majina ya ugonjwa huu. Kagera ya miaka ya 1980 iliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo. Mitaani ikawa ngoma, ikawa mdudu, na aliyeambukizwa akawa amekanyaga miwaya. Ilichukua miaka kutoka mwathirika hadi mtu anayeishi na VVU, na WAVIU wenyewe ndio waliopigania hatua hiyo. Neno la tiba lisipewe kazi ya kinga.

Jeli ya tenofoviri ilileta habari njema ya kwanza. Utafiti wa CAPRISA 004, ulioongozwa na Quarraisha Abdool Karim na Salim Abdool Karim huko KwaZulu-Natal, ulitangazwa Vienna Julai 2010: maambukizi yalipungua kwa asilimia 39. Magazeti yaliandika kwamba jeli inakinga kwa asilimia 39, na hapo ndipo lugha ilipoteleza. Wasomaji wengi hudhani katika kila wanawake 100, 39 wamesalimika na 61 wameambukizwa. Sivyo hata kidogo. Washiriki walikuwa 889, karibu nusu kwa nusu. Walioambukizwa kwenye kundi la jeli isiyo na dawa walikuwa 60, kwenye kundi la tenofoviri 38. Mahali ambapo wangeambukizwa watu 60, wameambukizwa 38. Sentensi hiyo ni fupi na inaeleweka sokoni. Mwandishi wa habari za afya akiibandika juu ya meza yake atakuwa amewatendea haki wasomaji wake.

Furaha haikudumu. Utafiti wa VOICE, wa wanawake 5,029 katika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, haukuona faida ya jeli hiyo ikitumiwa kila siku, na FACTS 001, uliofanyika Afrika Kusini, ulileta jibu kama hilo mwaka 2015. Damu ya washiriki wa VOICE ilifichua kwamba wengi hawakuitumia dawa, ingawa midomo yao na hesabu ya dawa iliyorudishwa vilisema wameitumia. Kliniki zetu zina istilahi ya jambo hili: ufuasi wa dawa, na asiyefuata huitwa mtoro. Maneno yote mawili yanatazama kutoka upande wa kaunta. Mfuasi anafuata, mtoro anatoroka, na mwenye makosa anajulikana kabla ya kusikilizwa. Mwanamke aliyeacha jeli kwa kuwa mwenzi wake aliishuku, au kwa kuwa haikuingia katika siku yake ya kazi, hakutoroka popote. Dawa ndiyo iliyoshindwa kumfuata yeye alipo.

Pete inajaribu kulijibu tatizo hilo. Ni mduara wa silikoni laini wenye kipenyo cha milimita 56, unaokunjika kati ya vidole viwili, umebeba miligramu 25 za dapivirini, dawa ambayo nayo huzuia kirusi kujinakili. Mwanamke huuweka mwenyewe, ukakaa mwezi mzima ukiitoa dawa kidogo kidogo, kisha akaubadilisha. Hakuna cha kukumbuka kila siku, wala cha kuomba ruhusa usiku. Tafiti mbili zilizotangazwa mwaka 2016 zilionyesha maambukizi yakipungua kwa asilimia 27 katika moja na 31 katika nyingine. Wasichana wa miaka 18 hadi 21, ambao ndio walioitumia pete kwa kusuasua zaidi, hawakuonekana kukingwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2021 kama chaguo la ziada kwa wanawake walio katika hatari kubwa. Zimbabwe iliisajili mwaka huohuo, Afrika Kusini ikafuata Machi 2022, na Kenya na Uganda nazo zikaipokea.

Jina pete halikuhitaji kamati. Ni umbo lake, kila mtu ameliona. Swali limebaki kwenye neno linalofuata: pete ya uke au pete ya ukeni? Uke kwa Kiswahili ni kiungo, na ni hali ya kuwa mwanamke pia. Pete ya uke huweza kusikika kama nishani ya uanamke, jambo ambalo mshairi angelipenda na mkunga asingelihitaji. Silabi moja ya -ni hulimaliza tatizo. Pete ya ukeni ni pete inayokaa mahali fulani, basi.

Tumebaki na jina la ukoo mzima, litakaloikusanya jeli, pete na vitakavyokuja. Wizara zetu tayari zinasema dawa kinga kwa vidonge vya kumeza kabla ya hatari, na neno kinga lina haki ya kuzaliwa katika uwanja huu: ndiyo ile KI iliyo katikati ya UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Kitenzi chake kina upana unaofaa. Mtu hukinga jua kwa kiganja, hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa. Mara zote mbili kitu kimewekwa mahali pa kupitia, na mwenye kukiweka ni yeye. Hilo ndilo swali la Stein ambalo familia ya kiua- ililikosa. Mwanamke anayejikinga yumo ndani ya kitenzi chake.

Kinga ina dosari moja, nayo si ndogo. Nomino hii husikika kama ahadi kamili. Aliyekingwa, kwa sikio la wengi, amekingwa, hakuna nusu. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iliyojaribiwa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya wanawake 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hiyo inakaribia kuilipa ahadi. Pete haijafika huko, na mwanamke anayeichagua kwa kuwa sindano haipo, au kwa kuwa haitaki, anastahili kuujua ukweli huo kwa lugha aliyonyonya.

Hukumu yangu basi ni hii. Kiuavijidudu kibaki na wenzake wa duka la pembejeo. Jina la jumla liwe kinga ya ukeni, na chini yake jeli, pete na chochote kitakachofuata. Nomino ibebe mahali na umbo. Kazi ya kueleza nguvu ya dawa kipewe kitenzi, na kitenzi hicho kiwe hupunguza hatari, si huzuia, si huua. Wenzangu wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, watafsiri wa fomu za ridhaa, na waandishi wa habari za afya, nawaomba jambo moja la vitendo. Kabla kipeperushi hakijaenda kwa mpiga chapa, kisomwe kwa sauti mbele ya wanawake watano wasiojua lolote kuhusu utafiti huo, kisha waulizwe: ukiitumia hii, bado unaweza kuambukizwa? Wakijibu hapana, tafsiri irudi mezani.